Saratani ya utumbo mpana huanza na kinyama kidogo

MSOMAJI, kuna maradhi yanayoingia kama mwizi usiku, na kuna mengine yanayobisha hodi kwa miaka mingi kabla ya kuingia. Saratani ya utumbo mpana, mara nyingi, ni ya aina hii ya pili. Kabla haijawa saratani huwa ni kinyama kidogo kilichoota kwenye ukuta wa utumbo, kisichouma, kisichomzuia mtu kula wala kwenda kazini. Kinyama hicho huchukua miaka kumi hivi, na pengine zaidi, kabla ya kugeuka kuwa kitu cha kuua. Katika muda huo wote kinaweza kuondolewa bila kupasua tumbo, na mwenyewe akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Siku hizi jambo hili hufundishwa kila mwanafunzi wa udaktari kana kwamba lilijulikana tangu zamani. Sivyo. Hadi miaka ya 1960 baadhi ya mabingwa wakubwa wa Marekani walikuwa wakiandika kwamba vinyama hivi havihusiani na saratani, au vinahusiana nayo kwa nadra sana, na kwamba kuviandama ni kuwasumbua wagonjwa bure. Aliyefanya kazi kubwa kuwathibitishia kwamba walikosea ni daktari wa patholojia wa London, Basil Morson. Huyu hakuwa akipasua wagonjwa wala kuwaandikia dawa. Kazi yake ilikuwa kukaa na hadubini na kutazama vipande vya nyama vilivyotolewa matumboni mwao.

Nataka leo tuifuate kazi hiyo hatua kwa hatua. Ukiielewa, utaelewa pia kwa nini mtu mwenye umri wa miaka 50 anayeona damu chooni hapaswi kuridhika akiambiwa "hiyo ni bawasiri tu" kabla hajachunguzwa.

Polipu ni nini?

Utumbo mpana ni ile sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Una urefu wa karibu mita moja na nusu. Huanzia chini ya tumbo upande wa kulia, mahali palipo na kidole tumbo, ukapanda hadi chini ya ini, ukavuka kwenda kushoto, kisha ukashuka hadi kwenye puru na tundu la haja kubwa. Kazi yake kubwa ni kufyonza maji kutoka kwa mabaki ya chakula.

Utando wa ndani wa utumbo huu ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazojiumba upya kwa kasi sana. Chembechembe zake, yaani seli, huishi siku chache tu, zikafa na kudondoka, na nyingine mpya zikachukua nafasi. Mahali ambapo zamu hubadilishwa haraka namna hiyo, makosa hayakosi. Ikitokea seli moja ikakataa kufa wakati wake ulipofika, ikazaa nyingine zenye ukaidi uo huo, mwishowe huota kinyama. Madaktari hukiita polipu. Nyingine huwa na shina na kichwa kama uyoga, nyingine zimelala bapa kama kipande cha zulia.

Lazima niseme mapema kwamba si kila polipu ni hatari. Kuna zile zinazoota kwa sababu utumbo umekuwa na vidonda kwa muda mrefu, na kuna zile za watoto wadogo ambazo hutoa damu na kuwatisha wazazi lakini kwa kawaida hazina ubaya zikiwa moja mbili. Tunayoizungumzia hapa ni ile iitwayo adenoma, inayoota kutokana na vitezi vya ute vya utumbo. Katika nchi za Magharibi, watu wengi waliopita umri wa miaka 50 huwa nayo angalau moja, na wengi wao hufa kwa uzee au kwa ugonjwa mwingine bila hata kujua. Ni chache tu kati ya adenoma zinazofika kwenye saratani. Lakini saratani nyingi za utumbo mpana zilipitia huko. Mambo haya mawili huwachanganya wagonjwa, nami huwaomba wayashike yote mawili pamoja.

Hospitali moja, kumbukumbu nyingi

Hospitali ya St Mark's ilianzishwa London mwaka wa 1835 na daktari wa upasuaji, Frederick Salmon, kwa ajili ya maskini wenye maradhi ya sehemu ambazo watu huona haya kuzitaja. Ilianza na vitanda saba tu. (Salmon huyo ndiye aliyempasua mwandishi Charles Dickens mwaka wa 1841, kwa hivyo si maskini peke yao waliomhitaji.) Kwa kuwa hospitali hiyo ilishughulikia utumbo na puru tu, wagonjwa wa aina moja walifika hapo kwa mamia, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka wa 1922 ikamwajiri daktari wake wa kwanza wa patholojia, Cuthbert Dukes. Huenda umewahi kusikia daktari akisema saratani ya mtu fulani ni "Dukes A" au "Dukes C". Ndiye huyo. Mwaka wa 1932 aligawa saratani ya puru katika madaraja kulingana na umbali ambao imepenya: A ikiwa bado imo ndani ya ukuta wa utumbo, B ikiwa imeuvuka, C ikiwa imefika kwenye tezi za limfu. Lakini mchango wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni tabia aliyoianzisha ya kuandika. Kila kipande cha utumbo kilichotolewa kilipimwa, kikachorwa, na kumbukumbu yake ikahifadhiwa. Msaidizi wake wa maabara, Dick Bussey, ambaye hakuwa daktari, alizitunza kumbukumbu hizo kwa miongo mingi.

Morson alipochukua nafasi ya Dukes katika miaka ya 1950, alirithi hazina ambayo hospitali chache sana duniani zilikuwa nayo.

Ubishi wa mabingwa

Tatizo lililokuwapo lilikuwa hili. Ukitaka kujua kwa uhakika kama kinyama fulani ni adenoma, sharti ukitoe chote na kukitazama kwa hadubini. Lakini ukishakitoa, hutaweza tena kujua kingekuwa nini baada ya miaka kumi. Ukikiacha, hujui ulichokiacha. Hakuna mtu aliyewahi kuona kwa macho yake kinyama kimoja kikianza kama polipu safi na kuishia kama saratani, na hakuna daktari mwenye utu ambaye angefanya jaribio la namna hiyo kwa binadamu.

Kwa hiyo wapinzani walikuwa na hoja. Mwaka wa 1958 Spratt, Ackerman na Moyer wa Marekani waliandika kwamba wameona saratani ndogo ambazo pembeni mwake hakuna dalili yoyote ya adenoma, na wakauliza adenoma hiyo imekwenda wapi. Mwaka wa 1962 Castleman na Krickstein wa Boston walizitazama upya polipu ambazo hapo awali zilikuwa zimeitwa za saratani, wakasema nyingi hazikuwa saratani hata kidogo. Hawa hawakuwa watu wa mitaani. Castleman alikuwa mkuu wa patholojia katika hospitali ya Massachusetts General, na alipoandika, madaktari wa upasuaji walisikiliza.

Usidhani ulikuwa ugomvi wa wasomi tu. Katika miaka hiyo, kutoa polipu iliyo juu kwenye utumbo kulimaanisha kulifungua tumbo. Mtu angeweza kufa kutokana na upasuaji huo. Kama polipu haina hatia, basi aliyekufa mezani alikufa bure. Na kama ni chimbuko la saratani, basi aliyeachwa nayo ameachwa afe polepole. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa akidhulumiwa, na ilikuwa lazima ijulikane ni yupi.

Hesabu ya polipu 2,506

Fikiria mgeni anayeteremka kutoka kwa basi katika mji asioujua, akakaa siku moja tu kisha akaondoka. Hawezi kumwona mtoto mmoja akikua hadi kuzeeka. Lakini akitazama vizuri ataona watoto wachanga, wavulana, watu wazima, wenye mvi chache na wenye mvi tele. Atajua bila kuambiwa kwamba hakuna aliyezaliwa na mvi, na atajua ni nani alikuwa nani.

Ndivyo alivyofanya Morson. Pamoja na Bussey na daktari wa upasuaji kutoka Japani, Tetsuichiro Muto, alikusanya polipu 2,506 zilizokuwa zimetolewa katika hospitali yao tangu mwaka wa 1957 hadi 1968, akazipanga kwa ukubwa, kwa umbo na kwa jinsi seli zake zilivyoharibika. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1975.

Polipu zilizokuwa chini ya sentimita moja, yaani ndogo kuliko punje ya harage, zilikuwa na saratani ndani yake kwa asilimia 1.3 tu. Zile za kati ya sentimita moja na mbili, asilimia 9.5. Zilizopita sentimita mbili, asilimia 46. Umbo nalo lilikuwa na maneno yake. Zile ambazo vitezi vyake vimejipanga kama mirija midogo zilikuwa na saratani kwa asilimia 5, zenye umbo la vidole vidole kama manyoya ya zulia asilimia 40, na zile zilizochanganya maumbo hayo mawili asilimia 22. Tena, kadiri seli zilivyozidi kupoteza mpangilio wake wa kawaida, ndivyo saratani ilivyozidi kupatikana.

Halafu akageuka upande wa pili, akazitazama saratani zenyewe. Hapa ndipo alipowajibu waliouliza adenoma imekwenda wapi. Saratani ambazo ndiyo kwanza zimepenya hatua ya kwanza ya ukuta wa utumbo, zaidi ya nusu yake zilikuwa bado na mabaki ya adenoma ubavuni. Zile zilizokwisha kutoboa ukuta wote na kutoka nje, mabaki yalionekana kwa chini ya moja katika kumi. Maana yake ni rahisi: saratani inapokua humla mzazi wake. Aliyechelewa kufika hawezi kuyakuta mabaki.

Morson alikuwa ameuita mwendo huu, katika hotuba aliyoitoa London na kuchapishwa mwaka wa 1974, njia ya kutoka polipu hadi saratani. Jina hilo limebaki hadi leo.

Kuna jambo jingine alilolisisitiza ambalo halisifiwi vya kutosha. Chini ya utando wa ndani wa utumbo kuna kisafu chembamba sana cha misuli. Morson alisema seli hata ziwe mbaya kiasi gani, kama hazijavuka kisafu hicho, daktari wa patholojia asiandike neno saratani, kwa sababu katika utumbo mpana seli ambazo hazijavuka hapo haziwezi kusambaa mwilini. Fikiria uzito wa neno hilo moja katika ripoti. Mgonjwa akiandikiwa "saratani" katika puru, miaka hiyo angeweza kukatwa puru yote na kuvaa mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Akiandikiwa "adenoma iliyoharibika sana, lakini imetolewa yote", anakwenda nyumbani na kurudi kuangaliwa baadaye. Kalamu ya mtu ambaye mgonjwa hatamwona kamwe ndiyo iliyoamua.

Familia zilizotoa ushahidi

Ushahidi mwingine ulitoka katika familia chache zenye bahati mbaya. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao humfanya kijana aote polipu kwa mamia, hata kwa maelfu, utumboni. Hospitali ya St Mark's ilianza kuziorodhesha familia hizo katika miaka ya 1920, na Bussey akazifuata kizazi hadi kizazi, kisha mwaka wa 1975 akachapisha kitabu kizima kuzihusu. Watu hawa wasipotolewa utumbo mpana, karibu wote hupata saratani, na wengi huipata kabla ya kutimiza miaka 40 au muda mfupi baadaye. Huanza na polipu, na saratani hufuata baada ya miaka kumi hivi au zaidi. Ni kama maumbile yenyewe yalifanya lile jaribio ambalo madaktari hawangeweza kulifanya.

Na wale wenye polipu moja? Hospitali ya Mayo, Marekani, ilikuwa na kumbukumbu za wagonjwa 226 ambao polipu zao kubwa, za kuanzia sentimita moja, zilionekana kwa eksirei lakini hazikutolewa. Ripoti ya mwaka wa 1987 ilionyesha kwamba uwezekano wa saratani kuota mahali pale pale palipokuwa na polipu ulikuwa asilimia 2.5 baada ya miaka mitano, asilimia 8 baada ya miaka kumi, na asilimia 24 baada ya miaka 20. Angalia jinsi hesabu inavyopanda polepole. Huo ndio muda nilioutaja mwanzoni.

Mfano wa mtu maarufu ni Rais Ronald Reagan. Mwaka wa 1984 madaktari walimpata na polipu ndogo sehemu ya chini ya utumbo. Mwezi wa Julai 1985, alipopelekwa kuondolewa polipu nyingine, walipitisha kifaa utumbo wote na wakaikuta kubwa zaidi mwanzoni kabisa mwa utumbo mpana, upande wa kulia, mahali ambapo vifaa vifupi havifiki. Alipasuliwa kesho yake. Ripoti ya patholojia ikasema ndani yake mna saratani, ila haijatoka nje ya ukuta wa utumbo. Reagan alimaliza kipindi chake cha urais, na alipofariki mwaka wa 2004 akiwa na miaka 93, hakuuawa na saratani hiyo.

Breki zinapokatika

Morson aliyaona mabadiliko kwa macho lakini hakuweza kueleza yanatokana na nini. Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1988 katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, ambako Bert Vogelstein na wenzake walichukua polipu na saratani za kila daraja, wakasoma DNA yake. Jeni moja iitwayo ras walikuta imeharibika katika asilimia 9 ya adenoma ndogo, lakini katika asilimia 58 ya zile zilizopita sentimita moja, na asilimia 47 ya saratani. Kwa maneno mengine, uharibifu ulikuwapo kabla saratani haijazaliwa.

Mwaka wa 1990 Fearon na Vogelstein walipanga mambo haya kuwa mwendo mmoja. Seli ni kama matatu: ina mafuta ya kuisukuma na ina breki za kuizuia. Kwanza hukatika breki moja, iitwayo APC, polipu ikaanza kuota. Jeni hiyo ya APC ilitambuliwa mwaka wa 1991, na ndiyo hasa inayorithiwa ikiwa mbovu katika zile familia za Bussey. Kisha ras hukwama kama mafuta yaliyokanyagwa, polipu ikakua. Baadaye hukatika breki ya p53, na gari likateremka mlima. Kila ajali huhitaji kusubiri, na ndiyo sababu safari huchukua miaka mingi. Mwaka wa 2008 watafiti wa Johns Hopkins walikadiria kwamba kutoka polipu kubwa hadi saratani iliyokomaa hupita takriban miaka 17, lakini kutoka hapo hadi saratani kupata uwezo wa kusambaa haifiki hata miaka miwili. Ndiyo maana mgonjwa anayefika hospitalini akiwa amekonda na tumbo limefunga hunisikitisha mara mbili.

Elimu hii nayo imerekebishwa. Kulikuwa na polipu nyingine bapa, zenye kingo kama meno ya msumeno, ambazo kwa muda mrefu zilidharauliwa kuwa hazina ubaya. Jeremy Jass, aliyefanya kazi katika maabara ile ile ya St Mark's, alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba baadhi yake zina njia yake ya kufikia saratani. Leo tunakubali kwamba huenda robo hivi ya saratani za utumbo mpana hupitia njia hiyo ya pili. Tena kuna familia zenye kasoro ya kurekebisha DNA, ambamo polipu hugeuka saratani kwa miaka michache tu. Hao hawawezi kungojea miaka kumi.

Je, kuzitoa kunasaidia?

Mwaka wa 1969, mjini New York, William Wolff na Hiromi Shinya walianza kutoa polipu kwa waya wa umeme unaopitishwa ndani ya kamera ndefu inayopinda, bila kulifungua tumbo. Uchunguzi huo huitwa kolonoskopi. Ule ubishi wa zamani juu ya hatari ya upasuaji ukapoteza nguvu.

Mwaka wa 1993 Sidney Winawer na wenzake walitoa ripoti ya Wamarekani 1,418 waliotolewa adenoma zote kisha wakafuatiliwa. Saratani zilizotokea zilikuwa pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 zikilinganishwa na zilizotarajiwa. Ripoti ya mwaka wa 2012 kuhusu watu 2,602, waliofuatiliwa kwa karibu miaka 16, ilionyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 53. Takwimu nyingine, ya mwaka wa 2022 kutoka Poland, Norway na Sweden, haikuwa tamu kiasi hicho: walioalikwa kufanyiwa kolonoskopi walipata saratani pungufu kwa asilimia 18 tu. Lakini ukisoma zaidi utakuta kwamba kati ya watu 100 walioalikwa, ni 42 tu waliokwenda. Mwaliko peke yake haumponyi mtu.

Na sisi je?

Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mafunzo hayo yalitokana kwa kiasi kikubwa na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka wa 1946 na kufanya kazi Mulago. Burkitt aliandika mwaka wa 1971 kwamba saratani hii, na polipu zenyewe, ni nadra kwa Waafrika wa mashambani, akasema sababu ni chakula chao chenye makapi mengi. Alifika hata kuwapimia watu uzito wa choo chao. Wakati huo alikuwa akieleza alichokiona.

Watu wa mashambani alioandika habari zao, wajukuu wao sasa wanaishi Nairobi, Mombasa na Nakuru, wanakula chipsi na soseji, wanakaa kwenye gari saa tatu kwa siku. Saratani ya utumbo mpana sasa ni miongoni mwa tano zinazoongoza Kenya kwa idadi ya wagonjwa wapya, na madaktari wetu wa upasuaji huwaona wagonjwa wenye umri chini ya miaka 50 wasio wachache. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka wa 2018 kuhusu kupima saratani mapema umeitaja pia hii ya utumbo mpana. Nyama iliyosindikwa kama soseji na bekoni iliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2015 katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Pombe, sigara na unene nazo zimo. Simwambii mtu aache nyama choma ya Jumamosi, ila ugali na sukuma wiki visiwe mapambo tu pembeni mwa sahani.

Uingereza mtu akifika umri fulani hutumiwa kipimo kwa posta. Hapa kwetu hakuna barua itakayokuja kukuita, kwa hiyo itakubidi ujiite mwenyewe. Ukiwa na miaka 45 au zaidi, hata kama huna dalili yoyote, muulize daktari wako kuhusu kipimo cha damu iliyofichika katika choo. Unatoa choo kidogo sana kwenye kichupa, basi. Ni rahisi kuliko kolonoskopi na hakihitaji maandalizi. Kikionyesha damu, hapo ndipo kolonoskopi inakuwa ya lazima, wala usikubali kurudia kipimo kile kile ukitarajia jibu zuri zaidi. Kama mzazi, kaka au dada yako aliugua saratani hii, anza ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliougulia yeye, tarehe yoyote itakayotangulia. Kwa watu hawa kolonoskopi ndiyo inayofaa tangu mwanzo.

Mwenye dalili asingoje umri wowote. Damu katika choo, nyekundu au nyeusi. Choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki tatu, kikawa chembamba, kigumu au cha kuharisha. Upungufu wa damu kwa mwanamume, au kwa mama aliyekoma hedhi: kumpa vidonge vya madini ya chuma bila kutafuta damu inavujia wapi ni kufagia uchafu chini ya mkeka. Mara nyingi sababu itakuwa bawasiri kweli, au amiba. Lakini mtu anaweza kuwa na bawasiri na polipu kwa pamoja.

Wanaume wa hapa, nawajua, huona aibu. Wengi huja kliniki kwa kikohozi ambacho hawana, na wakifika mlangoni wakitoka ndipo wanapoikumbuka ile damu. Kolonoskopi yenyewe hufanywa ukiwa umechomwa dawa ya kukusinzisha. Kinachokera ni siku inayotangulia, unapokunywa dawa ya kusafisha tumbo na kuhamia chooni. Hatari ya utumbo kutobolewa ipo, lakini ni nadra.

Ukitolewa polipu, dai nakala ya ripoti ya patholojia na uisome pamoja na daktari wako. Inapaswa kusema zilikuwa ngapi, kila moja ina ukubwa gani, ni ya umbo la mirija, la vidole au la msumeno, seli zimeharibika kiasi gani, na kama ilitoka yote. Hayo ni mambo yale yale ambayo Morson aliyahesabu, na ndiyo yanayoamua urudi lini. Kwa mujibu wa mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka wa 2020, mwenye adenoma moja au mbili ndogo za mirija hurudi baada ya miaka saba hadi kumi. Mwenye tatu au nne ndogo, miaka mitatu hadi mitano. Aliyekuwa na ya sentimita moja au zaidi, au ya vidole, au iliyoharibika sana, miaka mitatu. Andika tarehe hiyo nyuma ya ripoti, umwonyeshe mkeo au mumeo mahali ulipoiweka, na uwaambie ndugu zako wa tumbo moja kilichopatikana, kwa sababu tarehe yao ya kupimwa inaweza kubadilika pia.